Msamiati wa SAT: Maneno Yanayopimwa na Njia ya Kuyajua

SAT ni mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani huutumia kuchuja waombaji wa mwaka wa kwanza. Husimamiwa na College Board, shirika lililoanzishwa mwaka 1900, na una sehemu mbili: hisabati, na kusoma na kuandika. Kila sehemu ina alama kuanzia 200 hadi 800, hivyo alama ya juu kabisa ni 1600. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaotafuta nafasi na ufadhili ng'ambo huufanya pia, na wengi wao hawatishwi na hisabati. Jasho huwatoka kwenye msamiati wa Kiingereza, yaani maneno ambayo hayasikiki sokoni wala kwenye mpira, na ambayo hata walimu wa sekondari huyatumia kwa nadra.

Uzito huo wa maneno ulikuwamo tangu mwanzo. SAT ya kwanza ilifanyika tarehe 23 Juni 1926, na watahiniwa wake walikuwa kama 8,000. Aliyeongoza utungaji wake, Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa ameshiriki kazi ya kupima akili za wanajeshi wa Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alichukua mbinu za vipimo hivyo akaziingiza kwenye mtihani wa vyuo: maana za maneno, vinyume vyake, na ulinganifu wa jozi za maneno. Nyuma ya maswali hayo palikuwa na imani kwamba mwenye maneno mengi ana akili nyingi. Imani hiyo haikuwa ya haki. Mwaka 1923 Brigham alikuwa ametoa kitabu kilichodai kwamba akili za watu hutofautiana kwa asili na mbari zao. Mwaka 1930 akayakana mwenyewe mahitimisho yake. Mtihani ulibaki.

Mfano ambao wakosoaji wa SAT waliurudia kwa miaka mingi ni swali la ulinganifu lililomtaka mtahiniwa atambue kwamba mkimbiaji kwa "marathon" ni kama mpiga makasia kwa "regatta". Neno hilo la mwisho ni mashindano ya mashua, mchezo ambao Marekani ulizoeleka zaidi kwa familia zenye nafasi. Mtoto wa Lamu ameona majahazi yakishindana tangu utotoni na anajua upepo gani unafaa na upi haufai, lakini angelikosa swali hilo, kwa kuwa kitu anakijua ila jina lake la Kiingereza hajawahi kulisikia. Hapo ndipo ilipo kasoro ya kupima akili kwa maneno adimu, na hapo pia pana faraja: anayekosa swali la msamiati mara nyingi hana upungufu wa fikra. Ana upungufu wa kukutana na neno, na kukutana na neno ni jambo linaloweza kupangwa.

Vipengele vya zamani viliondolewa kimoja kimoja. Vinyume vilitoka mwaka 1994, ulinganifu ukatoka mwaka 2005, na mwaka 2016 yakaondoka maswali ya kujaza nafasi katika sentensi moja iliyosimama peke yake. Mpaka wakati huo biashara ya matayarisho ilikuwa imeshajengwa juu ya orodha ndefu za maneno. Stanley Kaplan alikuwa akifundisha vijana kwa ajili ya SAT huko Brooklyn tangu miaka ya 1940, na baadaye vikaja vitabu vyenye maneno kwa maelfu, kuanzia herufi A hadi Z, vya kukaririwa kama madesa ya usiku wa kuamkia mtihani. Vitabu hivyo bado vinauzwa na vingine bado vinazunguka kwa njia ya fotokopi. Vilitungwa kwa ajili ya mtihani ambao haupo tena, na anayevitegemea leo anatumia nguvu zake vibaya.

Toleo la sasa hufanywa kwenye kompyuta. Lilianza nje ya Marekani Machi 2023 na ndani ya Marekani Machi 2024. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yakigawanywa katika awamu mbili za maswali 27 na dakika 32 kila moja. Awamu ya pili huwa ngumu au nyepesi kufuatana na mtahiniwa alivyofanya katika ya kwanza. Kila swali lina kifungu chake kifupi, cha maneno kati ya 25 na 150, kilichotoka katika fasihi, historia, sayansi ya jamii, sanaa au sayansi. Muda ukigawanywa sawasawa, kila swali hupata kama sekunde 71. Maswali ya maana za maneno ndiyo yanayofungua kila awamu, kwa hiyo anayeyayumbia huanza mtihani akiwa ameshapoteza dakika na utulivu.

Swali lenyewe huwa na sura kama hii. Kifungu kinaeleza kwamba mtaalamu wa mimea alitangaza kuwa mmea fulani hukua upesi zaidi ukipigiwa muziki; watafiti wa maabara nyingine tatu wakarudia jaribio lake wasipate matokeo hayo; kwa hiyo dai lake sasa linaonekana kuwa la namna fulani, na hapo pana nafasi tupu. Machaguo ni "tenuous", "conclusive", "candid" na "ornate". La pili ni la kitu kinachomaliza ubishi, la tatu ni la mtu anayesema bila kuficha, la nne ni la kitu chenye nakshi nyingi. Anayeyajua hayo matatu huyaondoa na kubakiwa na "tenuous", yaani jambo jembamba lisilo na mashiko, hata kama hajawahi kukutana nalo.

Mfano huo unaonyesha kwamba kifungu hufanya nusu ya kazi. Zile maabara tatu na lile neno la "kwa hiyo" vimeshasema maana inayotakiwa kabla ya macho kufika kwenye machaguo. Watahiniwa wazuri hufunika machaguo kwanza, wakajaza nafasi kwa neno lao wenyewe, hata la Kiswahili: dhaifu, la kubahatisha, lisiloaminika. Baada ya hapo ndipo huangalia ni chaguo lipi linalokaribiana na neno lao. Anayekimbilia machaguo moja kwa moja huvutwa na neno lenye sauti ya kisomi, na watungaji wa mtihani wanalijua hilo.

Maneno gani basi yasomwe? Watafiti wa Marekani Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, katika kitabu chao cha mwaka 2002 kuhusu ufundishaji wa msamiati, waliyagawa maneno katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya kila siku, ambayo mtoto huyapata kwa kuongea tu. Ya tatu ni ya kitaalamu, yanayofungwa ndani ya somo moja, kama usanisinuru katika biolojia. Ngazi ya pili, iliyo katikati, ina maneno ya watu wasomi wanapojadili jambo lolote: "undermine" kwa kudhoofisha kitu taratibu kutoka chini, "corroborate" kwa kuunga mkono dai kwa ushahidi mwingine, "mitigate" kwa kupunguza makali ya jambo, "plausible" kwa maelezo yanayoweza kuaminika, "ambivalent" kwa mtu mwenye hisia mbili zinazovutana, "anomaly" kwa kinachokwenda kinyume cha kawaida. SAT ya sasa inaishi katika ngazi hiyo.

Mgawanyo huo unamgusa moja kwa moja mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Tanzania, kwa mfano, hufundisha shule za msingi za serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza, na Kiingereza hicho huja kupitia vitabu vya masomo. Matokeo yake ni kijana anayeweza kueleza mmomonyoko wa udongo na mgawanyiko wa seli kwa istilahi sahihi za Kiingereza, lakini hajui kitenzi cha kusema kwamba mwandishi fulani anakubali hoja ya mwenzake kwa shingo upande. Ngazi ya tatu imejaa, ya pili ina mapengo. Dawa yake ni kuziba mapengo hayo kwa makusudi, na orodha fupi ipo: mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma, ukoo mmoja ukiwa ni neno pamoja na vizazi vyake. Koo hizo huchukua takribani asilimia 10 ya maneno yote katika maandishi ya kitaaluma aliyoyapima. Kijana aliyezimudu koo hizo 570 amejenga msingi ambao maneno 3,500 yaliyokaririwa juujuu hayawezi kuujenga.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwenye maneno ambayo mwanafunzi anadhani anayajua. "Address" alijifunza kidato cha kwanza kama anwani. Katika kifungu cha SAT ni kitenzi cha kulishughulikia tatizo. "Novel" ni riwaya, lakini mbele ya nomino huwa ni -pya kabisa, -siyotarajiwa. "Champion" ni bingwa, na pia ni kulitetea wazo hadharani. "Qualify" ni kufuzu, ila msomi anapofanya hivyo kwa kauli yake anaiwekea mipaka ili isidai kupita kiasi. "Arrest" humkamata mwizi, na pia husimamisha ueneaji wa ugonjwa. "Check" inaweza kuwa kuzuia mamlaka yasivuke mpaka. "Sanction" ni hatari kuliko yote, kwa kuwa huweza kumaanisha kuidhinisha au kuadhibu, na muktadha pekee ndio unaoamua. Neno geni kabisa humwamsha mtahiniwa akawa mwangalifu. Neno lililozoeleka lenye maana mpya humpita kimyakimya, akachagua jibu baya akiwa na uhakika. Ndiyo maana inafaa kila neno linalosomwa litazamwe maana zake zote katika kamusi, na siyo ile ya kwanza tu.

Kuna msaada unaotoka kwenye asili ya Kiingereza chenyewe. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, Kilatini kikaendelea kanisani na kwenye elimu, na baadaye waandishi wa karne ya 16 na ya 17 wakachota kwa wingi kutoka Kilatini na Kigiriki. Ndiyo sababu Kiingereza cha jikoni na Kiingereza cha maktaba ni kama lugha mbili, na maneno mengi ya maktaba yamejengwa kwa vipande vinavyojirudia. Kipande "bene" ni wema na "mal" ni ubaya. "Vol" ni kutaka. Mwenye vipande hivyo vitatu anaweza kufungua "benevolent", anayetakia wengine mema, "malevolent", anayetakia wengine mabaya, na "volition", utashi wa mtu. "Loqu" na "loc" ni kusema: "eloquent" ni mwenye ufasaha, "loquacious" ni mwenye maneno mengi, na "circumlocution", ikiwa na "circum" ya kuzunguka, ni kuzungukazunguka na maneno bila kufikia jambo.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mazoea ya kazi hii kuliko anavyojua. Husikia udugu wa kitabu, katibu na maktaba, ambao ni wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na kutoka soma hutoa somo, msomi, msomaji, usomaji na somesha bila kufundishwa na mtu. Akili iliyozoea kuvua viambishi kutoka kwenye neno la Kibantu inafaa sana kulivua neno la Kilatini. Kinachotakiwa ni tahadhari, maana mizizi hudokeza na haithibitishi. "Ped" ya Kilatini ni mguu, ile ya Kigiriki ni mtoto. "Pedestrian" ni mwenda kwa miguu, lakini katika uhakiki wa vitabu ni kazi isiyo na mvuto. "Invaluable" ina "in" ya ukanushi na bado maana yake ni -a thamani isiyopimika. Mzizi utumike kubahatisha, na kifungu kitumike kuhakiki.

Maana pekee haitoshi kwa swali la SAT, kwa sababu machaguo mawili huweza kukaribiana sana. "Frugal" na "stingy" wote hawapendi kutoa pesa, lakini wa kwanza anasifiwa kwa kubana matumizi na wa pili analaumiwa kwa ubahili. "Childlike" ni uchangamfu usio na hila, "childish" ni utoto wa mtu mzima. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya TUKI, humpa msomaji maana upesi na kwa uhakika, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Sifa na lawama zinazofuatana na neno, pamoja na maneno linayopenda kukaa nayo, huonekana vizuri zaidi katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikiwa wanafunzi, yenye sentensi za mfano.

Upande wa kumbukumbu umechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja kama theluthi mbili. Kuanzia hapo upotevu ukapungua kasi. Yaani usahaulifu hushambulia mapema, na marudio ya mapema ndiyo yenye faida kubwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliongeza jambo la pili. Wanafunzi waliorudia kusoma kifungu walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya juma moja waliofanya vizuri zaidi ni wale waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo hudanganya.

Mambo hayo mawili, kupanga nafasi za marudio na kujipima, ndiyo msingi wa mbinu ya kadi. Mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner aliieleza mwaka 1972 kwa sanduku lenye vyumba. Kadi mpya huanza chumba cha kwanza kinachopitiwa kila siku. Ikijibiwa sawasawa husogea chumba cha pili kinachopitiwa kwa nadra zaidi, kisha cha tatu, na ikikosewa hurudi mwanzo. Maneno magumu hukutana na mwanafunzi kila siku, mepesi hayamchoshi. Maboksi ya viatu na karatasi ngumu zilizokatwa vizuri zinatosha kabisa. Mwenye simu ya Android au kompyuta anaweza kutumia Anki, programu ya bure iliyotoka mwaka 2006, ambayo hupanga tarehe za marudio yenyewe. Kadi nzuri ina sentensi upande mmoja, neno likiwa limeachiwa nafasi, na upande wa pili neno na maana yake kwa kifupi. Kadi yenye neno tupu na visawe vitano humfundisha mtu kutambua kadi, na mtihani hautoi kadi.

Kadi kumi mpya kwa siku zinamtosha mtu mwenye masomo mengine ya shule. Kwa mwendo huo miezi mitatu huleta maneno kama 900, na huo ni msamiati mkubwa kwa mtihani huu. Kupiga msuli kwa wiki mbili za mwisho hakuwezi kufidia miezi hiyo.

Kadi hushikilia maneno. Kusoma ndiko kunakoyapa uhai. Mtafiti Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji koo 8,000 hadi 9,000 ili afahamu asilimia 98 ya maneno katika maandishi ya kawaida kama riwaya na magazeti. Idadi hiyo haikaririki. Hujikusanya kurasa kwa kurasa, neno likionekana mara nyingi katika mazingira tofauti. Kwa kuwa SAT hupenda vifungu vya fasihi ya zamani, vitabu vya Jane Austen na Frederick Douglass vinafaa, navyo hupatikana bure katika mkusanyo wa Project Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971. Inafaa pia kuanzia nyumbani. Riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, zimeandikwa kwa Kiingereza cha hali ya juu kuhusu maisha ambayo msomaji wa pwani anayatambua. Anapoujua ua wa nyumba, duka na safari inayosimuliwa, neno geni lililo katikati hujieleza lenyewe. Ufahamu wa mazingira huliangazia neno, na hilo ndilo zoezi hasa ambalo SAT inalitaka.

Katika chumba cha mtihani yabaki machache ya kukumbuka. Tangu mwaka 2016 jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi. Neno lisilojulikana halina sababu ya kuogopwa kuliko linalojulikana nusu. Wakati mwingine ndilo jibu, hasa mengine matatu yanapokataa kukaa katika sentensi.

Uzito wa mtihani wenyewe hutofautiana kati ya chuo na chuo. Vingi viliufanya wa hiari wakati wa janga la korona mwaka 2020. MIT iliurudisha kuwa wa lazima mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikatangaza kuzitaka tena alama za mitihani, huku Chuo Kikuu cha California kikiwa hakizitazami kabisa katika udahili. Mazoezi rasmi hutolewa bure na College Board ndani ya Bluebook, programu ileile inayotumika siku ya mtihani, na Khan Academy ina masomo ya bure yaliyoandaliwa kwa kushirikiana nao. Kabla ya kulipia chochote, mwombaji asome masharti ya kila chuo anachokitaka, kisha afanye jaribio moja kamili la Bluebook kwa kufuata saa. Maneno yaliyomkosesha katika jaribio hilo ndiyo kadi zake za kwanza.